Mama Ngao Hasomi Karatasi

Wale mliosema kazini kwenu kwamba mimi ningekubali tu, kwa sababu mtu anayelala nyumbani kwa mdogo wake hana mdomo, vuteni viti. Leo nawajibu.

Kwa aliyechelewa: mimi ni mfuaji wa mashuka ya hospitali. Mume wangu aliondoka akisema nimeolewa na kompyuta, si yeye, na akabeba makochi. Kisha mashine ya kupigia pasi ikanipulizia mvuke mkono wa kulia. Kazini wakaniambia nipumzike mpaka ngozi irudi. Ndipo nikahamia kwa mdogo wangu wa kiume, mimi na bandeji yangu na begi moja.

Mdogo wangu anaandika programu katika kampuni ya michezo ya kompyuta. Kampuni hiyo ndiyo iliyonunua mchezo nilioucheza tangu ujana wangu, Falme za Chini, ule unaoingia mtandaoni ukiwa askari au mganga pamoja na watu wa kila mahali. Waliununua, wakaufunga. Sasa wanatoa mwingine, Falme Mpya.

Wiki iliyopita niliishia pale mdogo wangu alipopiga magoti sebuleni, akiniomba nipande jukwaani siku ya uzinduzi niwaambie watu kwamba ule wa zamani ulikuwa takataka na huu ndio wenyewe.

"Wanataka mkongwe mmoja," alisema. "Mkurugenzi ameniambia nisipomleta, nami nisirudi."

Nikamwambia sawa. Ndiyo, nilikubali. Msinitukane bado.

*

Asubuhi ya uzinduzi wifi yangu alinifunga kitambaa cha kichwa, maana kwa mkono mmoja nilikuwa najifunga kama furushi. Tumbo lake lilinigusa mgongoni kila alipovuta pindo.

"Wifi, nikuombe kitu?"

"Omba."

"Leo usibishe."

"Mimi nabisha lini?"

Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaacha kucheka, na mikono yake ikatulia juu ya mabega yangu.

"Najifungua mwezi huu. Bima ya matibabu inatoka kazini kwake. Huo mchezo mimi siujui, wa zamani wala mpya. Najua tu kwamba sitaki kulala wodini huku mume wangu anazunguka na bahasha kutafuta kazi."

Ungemjibu nini mtu kama huyo?

"Nitasoma walichoandika," nikamwambia. "Neno kwa neno."

Na nilimaanisha. Mungu ni shahidi yangu.

*

Nyuma ya jukwaa nilipokewa na binti wa matangazo, mchangamfu, miguu haitulii. Alinipa karatasi ya hotuba, akanikalisha mbele ya skrini pana kama mlango.

"Mama, cheza kidogo. Tunapiga picha, uonekane umeuzoea."

Nikaweka mkono wa kushoto kwenye kipanya. Akatokea askari mzuri ajabu, nywele zinapepea utadhani ametoka saluni sasa hivi. Kabla sijagusa kitu, akaanza kukimbia.

"Anakwenda wapi huyu?"

"Anafuata mshale wa dhahabu, mama."

"Nani kamwambia aufuate?"

"Ni mwenyewe tu. Inarahisisha."

Askari akakutana na kundi la mazimwi. Akayakatakata kama mtu anayekata vitunguu.

"Mimi nibonyeze wapi?"

"Usibonyeze. Anajipigania."

"Sasa mimi nafanya nini hapa?"

Binti akafikiri, kwa dhati kabisa. "Unafurahia."

Watu wengine walikuwa wakipita mbio pembeni yangu, kila mmoja na mshale wake. Nikaandika salamu kwa kidole kimoja. Hakuna aliyeitikia. Badala yake likafunguka duka, likaniuliza kama nataka kununua farasi mwenye mabawa. Nikabonyeza kila kitufe nilichokiona.

"Hawa hawaongei?"

"Hawana haja, mama. Kila mtu anaweza kuumaliza mchezo wote peke yake. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa."

Hakuwa binti mbaya. Aliniwekea mto nyuma ya mgongo, akaniuliza kama mkono unauma. Lakini ile sentensi yake ilinikaa kooni kama mfupa, nikapanda nayo jukwaani.

*

Taa zilikuwa kali. Ukumbi ulijaa mpaka milangoni, wengi vijana, wachache wenye vichwa vya mvi kama changu. Mkurugenzi alinitambulisha kwa jina nililotumia mchezoni.

"Mpigieni makofi Mama Ngao!"

Nikafungua karatasi. Nikasoma "ndugu zangu wapenzi." Nikasoma jina la kampuni na sifa zake. Kisha nikafika kwenye mstari huu:

"Nilipoteza ujana wangu katika mchezo wa zamani. Leo nimepata mchezo unaoheshimu muda wangu."

Nikasoma "nilipoteza ujana wangu," nikasimama hapo hapo.

Mdogo wangu alikuwa chini ya ngazi za jukwaa, ananisogezea mkono taratibu, endelea dada, endelea. Nilitaka kuendelea. Ulimi ulikataa. Najua mnadhani ni namna ya kusema tu, lakini nawaambia ulikataa, kama mguu uliokufa ganzi.

Nikaikunja karatasi.

"Samahani," nikasema kwenye kipaza sauti. "Hii sikuandika mimi."

Watu wachache wakacheka, wakidhani ni sehemu ya onyesho.

"Mimi ujana wangu sikuupoteza. Najua ulipo. Uko kwenye Daraja la Chumvi. Wangapi hapa wanalijua?"

Mikono ikainuka, mmoja huku, mwingine kule.

"Basi wasiolijua niwaambie. Lilikuwa daraja refu, jembamba, na zimwi moja katikati. Huwezi kuvuka peke yako, hata uwe nani. Hakukuwa na mshale. Ulisimama pale mwanzoni ukiomba watu: jamani, nani anavuka? Wengine walikupita. Wengine walikucheka. Halafu akaja mmoja akasema, nisubiri nimlaze mtoto nakuja. Ukamsubiri. Ndipo mnavuka, au mnakufa wote, na mkifa mnarudi mwanzo na vyote mlivyobeba vimebaki kwenye maji."

"Inachosha!" kijana mmoja akapaza sauti.

"Inachosha sana, mwanangu!" nikamjibu. "Nimelia kwenye lile daraja. Nimerusha kipanya ukutani. Lakini sikiliza. Siku niliyomzika mama yangu, watu walipotawanyika, nilikaa mbele ya kompyuta kwa sababu sikuwa na kwingine. Sikuandika kitu. Nilimkalisha tu askari wangu kwenye nyasi. Akaja mmoja niliyevuka naye, akakaa pembeni yangu. Akaja wa pili. Wakakaa pale, hawakuuliza, hawakutuma picha ya maua. Tulikaa mpaka giza la mchezoni likaisha. Leo hapa nyuma nimetafuta kwenye mchezo wenu mpya. Nimebonyeza kila mahali. Kuna kitufe cha kununua, cha kuuza, cha kucheza ngoma. Cha kukaa hakuna."

Nikasikia mlio wa taa.

Halafu sauti ya mwanamume mtu mzima ikatoka huko nyuma, nzito, imepasuka kidogo: "Ngao mbele!"

Huo ndio ulikuwa wito wetu kabla ya vita. Na wale wenye mvi, na wengine nisiowadhania, wakaitikia kwa pamoja: "Nyuma yako tupo!"

Nilishuka jukwaani. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. Hakuniangalia.

"Dada," akasema, "umenizika."

*

Tuliitwa juu, wote wawili, chumba cha mkurugenzi. Kuta zake ni za kioo. Nje yake wafanyakazi wamepangana safu kwa safu na kompyuta zao, wanajifanya hawatutazami.

Mkurugenzi ni mdogo kwangu kwa umri, anavaa fulana na raba. Nilijiandaa kwa matusi. Mtu yule akaja kunikumbatia.

"Mama Ngao! Umeona walivyoitikia? Umeona?" Akaigeuza simu yake. "Video yako imeenea kuliko tangazo letu zima. Watu wanataka mchezo wa zamani. Basi tunawarudishia!"

Nikamtazama mdogo wangu. Naye alikuwa ameduwaa.

"Mnaufungua tena?"

"Falme za Chini, ule ule. Na sura yako kwenye kila bango, na sauti yako mlangoni: ngao mbele! Tutaongeza vitu vidogo tu. Mshale kwa wageni. Duka pale mwanzo wa daraja. Na njia ya mkato, kwa anayelipia, asilazimike kusubiri watu."

"Hapo basi hamjaurudisha," nikasema. "Mmemvika maiti suti."

Akaketi. Tabasamu likapungua, na ikabidi nikiri kwamba alizungumza kwa akili.

"Mama, nikuulize kwa heshima. Una uhakika unaulilia mchezo? Ulikuwa kijana. Ulikuwa na muda. Ulikuwa na mama. Ningekufungulia leo lile daraja lako tupu, ungepata nini?"

Swali lilinipata penyewe.

"Huenda naulilia ujana," nikasema. "Siwezi kukuapia. Lakini ujana sijaja kukuomba wewe. Ninachosema ni kimoja: pale mtu alilazimika kumwomba mtu. Ukiuza njia ya mkato, hakuna atakayeomba, na asipoombwa hatakuja. Mimi sauti yangu haitauza kitu hicho."

"Unachokitaka hakiuziki."

"Basi msikiuze."

Mkurugenzi akapumua kwa nguvu, akageuza kiti kumwelekea mdogo wangu. Sauti yake sasa ilikuwa nyingine.

"Nawe unaniambia nini kuhusu kile kilichoko chumba cha chini? Ulidhani hatuoni seva inayokula umeme bila kazi?"

Sikuelewa. Nilimwona mdogo wangu akilegea mabega kama mtu aliyekamatwa getini na mzigo.

"Niliagizwa kuufuta mchezo wa zamani," akaniambia mimi, si mkurugenzi. "Sikuufuta, dada. Upo wote. Kila jani. Nilitaka mkono wako ukipona nikufungulie, siku ya furaha. Wewe ndiye uliyenipandisha mapajani nikajua kompyuta ni nini. Ningeufutaje?"

Mume wangu alibeba makochi nikawa na maneno ya kumwambia mpaka barabarani. Hapa sikuwa na hata moja.

"Na si mtupu," akaongeza taratibu. "Wenzako waliuliza. Nikawafungulia mlango wa nyuma."

*

Mkurugenzi hakutaka hadithi ndefu. Aliivuta kompyuta yake, akabonyeza hapa na pale, akaniwekea mbele yangu.

"Tazama mwenyewe. Halafu uchague. Ukubali kutupa sura na sauti, mchezo ufunguliwe kwa namna yangu, na ndugu yako nimsamehe. Ukikataa, naufuta sasa hivi mkiwa mmekaa hapo, na yeye akusanye vitu vyake."

Nikaingia.

Kumbe picha zake zilikuwa mbaya vile! Miti kama mifagio, maji kama bati. Askari wangu mnene alitokea mwanzo wa daraja na ngao yake iliyopinda, na mimi mtu mzima nikamwita jina lake kwa sauti.

Walikuwepo. Daktari wa Meno, ambaye ni daktari wa meno kweli. Bibi Harusi, aliyewahi kucheza na shela kichwani huku wageni wanamsubiri. Na nyuma yao Kimya, tuliyempa jina hilo kwa sababu miaka yote tuliyovuka naye hajawahi kuandika hata neno. Alikuja, akapigana, akaondoka.

"Mama Ngao!" wakaandika. "Mkono vipi?"

Nikawaandikia kwa kidole kimoja cha kushoto, polepole, mkurugenzi akisoma begani kwangu. Wanataka kuweka duka darajani na njia ya mkato. Nisipokubali, wanafuta sasa hivi. Mnasemaje?

Kisha Daktari wa Meno: "Wafute."

Bibi Harusi: "Nitalia wiki nzima. Wafute."

Halafu akaongeza: "Lakini mdogo wako je? Si ndiye aliyetufungulia? Watamfukuza."

Hilo ndilo lililoniumiza. Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa anasoma pia. Midomo ilikuwa inamcheza, lakini kidevu alikiinua.

"Usiniangalie mimi, dada. Nimeficha dunia nzima chini ya sakafu yao, nitaogopa kukusanya kikombe na sweta?" Akashusha sauti. "Ila wifi yako utamwambia wewe. Mimi sina ubavu huo."

Nilicheka, wallahi, mahali pale. Nilicheka huku machozi yananitoka. Nilimwona moyoni wifi yangu na tumbo lake, nikajua nitasimama mbele yake nimwambie kwa kinywa changu, na kwamba mkono ukipona au usipone nitarudi kufua mashuka ya wodi nzima ili ajifungue kwa amani. Lakini sitasimama kwenye bango nikiwa mlinzi wa duka.

Nikamgeukia mkurugenzi.

"Futa."

"Unasema?"

"Umenisikia. Futa."

Nadhani hakutarajia. Alinitazama, akamtazama mdogo wangu, akasubiri mmoja wetu alegee. Hatukulegea. Akaivuta kompyuta kwake, akaandika maneno fulani, kidole kikabaki juu ya kitufe cha mwisho.

Hapo hapo, pembeni ya skrini, mstari mpya ukatokea. Niliusoma mara mbili kwa sababu ya jina lililokuwa mbele yake.

Kimya: "Mama Ngao, mwambie aondoe mkono kwenye kibodi."

Kimya alijuaje mkono uko wapi?

Nikatazama nje ya kioo. Wafanyakazi wa safu zote walikuwa wameinamia kazi zao. Lakini kwenye korido, simu yake mkononi, alikuwa amesimama mama mmoja mtu mzima, suti ya kijivu, nywele nyeupe zimekatwa fupi. Alikuwa anatutazama.

Mkurugenzi naye akamwona. Mkono ukaruka kutoka kwenye kibodi kama umeungua, kabla sijamwambia chochote. Akasimama, akachomeka fulana kwa haraka.

Mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo, Mwenyekiti," mkurugenzi akasema, na mdogo wangu akaniminya bega kwa nguvu mpaka nikaelewa: kampuni yote ile, kioo na sakafu na mkurugenzi mwenyewe, ilikuwa ya huyu mama.

Hakumwitikia. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele yangu, akaitazama bandeji yangu, akanitazama usoni. Nilifungua mikono kumkumbatia Kimya, mtu niliyevuka naye ujana wangu wote.

Hakusogea. Hakuwa anatabasamu.

"Mama Ngao," akasema, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake, "nani alikupa ruhusa ya kusema futa?"

Hapo naishia leo; wiki ijayo, tukijaliwa.